Dawa ya Saa Mbili

Wagonjwa wa figo walimpachika jina la Mama Saa, ingawa hakuwa na mtoto, na saa aliyovaa mkononi ilikuwa imekufa tangu siku alipoifua pamoja na koti. Alikuwa mfamasia. Shahada alikuwa nayo, leseni alikuwa nayo, na bado alikuwa mwanafunzi, kwa sababu alijitosa mwenyewe kwenye mafunzo ya ubingwa katika hospitali ya chuo kikuu, na mwaka wa kwanza wa mafunzo hayo haujui Jumapili wala sikukuu.

Mama yake hakulielewa jambo hilo, na wala hakujifanya analielewa.

"Kuhesabu vidonge tu, mwanangu, kunasomewa mpaka uzeeni?"

"Sihesabu vidonge, mama."

"Basi unafanya nini huko kutwa nzima?"

Swali lilikuwa la haki, lakini angeanzia wapi? Angemweleza kwamba kabla madaktari hawajafika yeye ameshapita kila kitanda, akisoma nani anapewa dawa gani na ipi inagombana na ipi? Kwamba baadaye anaifuata raundi, koti la mwisho nyuma ya makoti meupe yaliyozunguka kitanda kimoja, akinyoosha shingo amwone mgonjwa? Raundi ikiisha anashuka famasi kuchanganya dripu, akitoka hapo ana darasa, darasani anaulizwa mambo aliyopaswa kuyasoma jana, na jana alikuwa anachanganya dripu. Miguu ilimvimba mpaka akanunua viatu vya namba kubwa zaidi. Siku moja alisinzia wima ndani ya lifti, akapanda na kushuka nayo, watu wakiingia na kutoka wakidhani ni mstaarabu anayewapisha. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Alilala nao, akaamka nao, na asubuhi ulikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Kazi moja aliifanya vizuri hata akiwa hoi, nayo ni kuwafundisha wagonjwa waliopandikizwa figo kabla hawajarudi nyumbani. Mwili ni mwenyeji mwenye roho mbaya. Ukiletewa figo ya mtu mwingine, hata kama imekuja kuuokoa, utaishambulia tu mpaka uiue. Ndiyo maana mgonjwa humeza dawa ya kuutuliza, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, maisha yake yote.

"Saa mbili ni saa mbili," Mama Saa aliwaambia. "Hata ukiwa msibani. Hata nyumba ikishika moto, meza kwanza, ndipo ukimbie."

Walicheka, naye akawaacha wacheke, kisha akawarudishia swali moja moja kama mwalimu wa chekechea: unameza nini, lini, ukisahau unafanyaje. Hakuna aliyeondoka wodini bila kufaulu. Hilo lilikuwa jambo pekee katika mwaka ule ambalo alikuwa na hakika nalo.

Miongoni mwa waliofaulu alikuwamo msusi mmoja, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu visivyotulia. Figo yake alipewa na kaka yake mkubwa, wa tumbo moja, mwashi. Siku ya kuruhusiwa yule kaka alikuja kumchukua, akasikiliza somo lote kwa makini kuliko hata mgonjwa mwenyewe. Yeye alikuwa amekatazwa kubeba mizigo kwa miezi kadhaa, na mwashi asiyebeba mizigo anakaa nyumbani akihesabu nzi, lakini hakulalamika.

"Figo yangu imezoea kazi za sulubu," alimwambia dada yake wakifungasha. "Usije ukaidekeza."

Wakaenda zao. Kliniki ya kwanza damu ya msusi ikapimwa kuona dawa iliyomo ni kiasi gani. Ilikuwa nyingi mno. Profesa wa figo akapunguza dozi. Kliniki ya pili ikawa bado nyingi, na kipimo cha figo nacho kimeanza kupanda, ishara kwamba inaharibika. Profesa akasema sababu ni hiyohiyo, kwa kuwa dawa ile ikizidi huiumiza figo ambayo inailinda. Akapunguza tena. Ya tatu ikawa vilevile, na mara hii msusi alikuja na miguu iliyojaa maji, viatu akivishika mkononi. Wakamlaza.

Walichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano wakakitazama, na walichokiona hakikutarajiwa na mtu. Figo haikuwa imelewa dawa hata kidogo. Ilikuwa inashambuliwa, kama figo ya mtu ambaye hanywi dawa kabisa.

Dawa tele kwenye damu siku za kliniki, na figo inayokufa kwa kukosa dawa. Madaktari wakajumlisha, wakapata jibu ambalo wamelipata mara nyingi: huyu nyumbani hamezi, ila siku ya kliniki anafakamia vidonge ili aonekane msafi. Wapo wagonjwa wa namna hiyo, na kila daktari wa figo ana visa vyao vya kusimulia wakati wa chai. Daktari mmoja kijana, bila kuwaza sana, akamuuliza mwashi kwenye korido kama dada yake ana tabia ya kuacha dawa.

Mwashi alimwacha amesimama hapo. Aliingia wodini muda wa kuona wagonjwa, vitanda vyote vina wageni, akasimama miguuni pa dada yake.

"Mimi nimelazwa mezani nikapasuliwa kwa ajili yako. Kumeza tu kumekushinda?"

"Kaka, nameza."

"Ningejua, ningebaki nayo."

"Wallahi nameza, kaka."

"Usiniite kaka."

Wageni wa vitanda vingine wakageuka kutazama madirisha. Mwashi akatoka, lakini hakwenda mbali. Tangu siku hiyo alikuja kila siku akakaa kwenye benchi la koridoni, nje ya mlango wa wodi, na hakuingia. Wauguzi walimzoea, wakawa wanadeki kuizunguka miguu yake.

Asubuhi moja raundi ilisimama kwenye kitanda cha msusi, na Profesa akazungumza na makoti yake kana kwamba mgonjwa hana masikio. Ilikuwepo dripu kali ambayo ingeweza kuzima mashambulizi na kuiokoa figo. Lakini dripu hiyo inaua kinga yote ya mwili, na mtu anaweza kufa kwa mafua tu. Kumpa mtu ambaye akirudi nyumbani ataacha tena dawa ni kumhatarisha bure. Bila dripu, figo ingekufa, na msusi angerudi kwenye mashine ya kusafisha damu alikotoka, safari hii bila kaka wa pili wa kumpa figo.

"Tutaamua mchana kwenye kikao," Profesa alisema. "Mfamasia, si wewe uliyemfundisha? Kaongee naye."

Mama Saa akavuta kiti. Alikuwa na hasira, ile hasira ndogo chafu ya mtu aliyechoka, inayotafuta wa kumwangukia. Mwaka mzima alikuwa amejitoa mhanga kwa watu hawa, na tazama. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo aanze wakati msusi alipomtazama.

"Hata wewe, dokta?"

Maneno ya kukemea yakamkauka, si kwa huruma, bali kwa kukosa nguvu ya kuyasema. Akarudi kwenye mazoea. Mlezi wake wa mafunzo, mfamasia mkuu wa wodi, mtu mzima mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa amemwonya siku ya kwanza kabisa: usimuulize mgonjwa kama anameza, maana wote watasema ndiyo. Mwambie akusimulie siku yake.

"Nisimulie," alisema. "Ukiamka unafanya nini?"

Msusi akasimulia. Simu yake ilikuwa na kengele. Ikilia, anaacha kichwa cha mteja alipofika, ananawa mikono, anameza. Mteja mmoja alikasirika akaondoka na nusu ya kichwa kimesukwa, na mpaka leo hajarudi kumalizia wala kulipa. Usiku vivyo hivyo. Alisafiri mazishini mara moja, akamezea humo humo kwenye basi, maji yakamwagikia abiria wa jirani.

"Na siku ya kliniki?"

"Siku ya kliniki natoka nyumbani gizani, niwahi foleni. Tunakaa pale kwenye mabenchi. Kengele ikilia nameza, maji natembea nayo. Halafu tunamsubiri mtu wa maabara wa kututoa damu, maana yeye anafika saa tatu, siku nyingine saa nne."

Mama Saa aliacha kupekua faili lililokuwa magotini pake.

"Unameza kabla hujatolewa damu?"

"Saa mbili si ni saa mbili?"

Damu ya kipimo kile hutolewa kabla ya kumeza, wakati dawa ya usiku imebaki masazo tu, ndipo madaktari wajue kama masazo hayo yanatosha. Ukimeza kwanza, kipimo kinadaka dawa ikiwa imepanda juu kabisa. Ni sawa na kumpima njaa mtu aliyetoka kula sasa hivi. Kumbe damu ya msusi haikuwahi kuwa na dawa nyingi. Mara mbili dozi ilikuwa imepunguzwa kwa namba za uongo, na mara zote mbili msusi aliimeza ile dozi iliyopunguzwa bila kukosa hata dakika, huku figo ya kaka yake ikibaki bila mlinzi.

"Siku ile unaondoka," alisema taratibu, "sikukwambia kwamba siku ya kliniki dawa uje nayo kwenye mkoba, umeze baada ya damu?"

Msusi akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, vidole vikisuka nyuzi za pindo la blanketi.

"Simu yako iliita, dokta. Ukasema unarudi."

Hakurudi. Aliitafuta siku ile kichwani asiione. Siku zake zote zilikuwa zimeshikana, kila moja ina simu inayoita na mtu anayeambiwa narudi.

"Kwa hiyo nimekosea mimi?" msusi aliuliza.

"Hapana," alisema. "Wewe hujakosea."

Mlezi wake alimkuta famasi amesimama mbele ya rafu, akitazama chupa asizozihitaji. Akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani ikaning'inia kifuani.

"Mtu wa maabara alipaswa kuuliza umemeza saa ngapi," alisema. "Daktari wa kliniki naye alipaswa. Na mimi nilipaswa kukukagua, badala yake nikasema huyu anafundisha vizuri, mwache. Lawama ipo ya kutosha, hatutaigombania."

"Kikao kinaanza sasa hivi."

"Basi tangulia. Nafunga kabati nakuja."

Ngazi zilikuwa ndefu, na zilimpa nafasi ya kupanga maneno. Yalikuwepo maneno mazuri, ya kitaalamu, yasiyo na mwenyewe: kumejitokeza hitilafu katika muda wa kuchukua sampuli. Hitilafu ikijitokeza yenyewe haina wa kulaumiwa, hujitokeza tu kama uyoga. Na tathmini yake ya mwisho wa mwaka ilikuwa karibu, mezani kwa watu walewale. Aliyapenda maneno hayo mpaka ngazi ya mwisho. Alipofungua mlango na kumwona Profesa ameshika faili la msusi, alishindwa kuyatumia.

"Mgonjwa anameza dawa zake," alisema kabla hajaketi. "Anameza vizuri kuliko wote. Siku za kliniki anameza kabla ya damu kutolewa, kwa sababu nilimfundisha asichelewe na sikumwambia asubiri. Namba zetu zote tatu ni za uongo. Kosa ni langu."

Mlezi wake aliingia wakati huo, akihema, akasema, "Na langu," akatafuta kiti.

Mama Saa alijikaza kupokea kelele, maana Profesa alikuwa na sifa yake. Lakini Profesa alilifunga faili polepole.

"Mwaka huu umewafundisha wagonjwa wangapi?"

"Wote, Profesa."

"Wapigie simu wote. Dripu ya huyu ianze leo."

Ni afadhali angetukanwa. Kwenye hofu yake yote alikuwa amemwona msusi peke yake. Sasa aliwaona wote, wamepanga foleni kwenye mabenchi yale, kila mmoja na chupa yake ya maji, wote wamefaulu mtihani wake.

Alipiga simu mchana kutwa, mpaka sikio likawa la moto. Wengi walikuwa salama, walishaambiana wenyewe kwa wenyewe kwenye foleni. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, mimi siku ya kliniki husahau kumeza mpaka nirudi nyumbani. Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Endelea hivyo hivyo, babu, siku za kliniki tu."

"Kumbe uzembe nao ni dawa."

Wawili walikuwa wamemeza kwanza kama msusi. Hao akawaita waje kesho yake, na akawaambia mwenyewe kwa nini. Mmoja alisema tu, "Haya." Neno hilo moja lilimuuma kuliko tusi.

Nyumbani mama yake alimwekea chakula, akamwona anakitazama tu.

"Kuna nini?"

"Nimekosea kazini, mama."

"Mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi kula. Ukifa wewe kwa njaa, hilo kosa atalirekebisha nani?"

Akala. Machozi yakamtoka akiwa anatafuna, na mama yake akajifanya anatafuta kitu kabatini mpaka yakaisha.

Dripu aliichanganya yeye mwenyewe kila siku, hakumpa mtu. Msusi alitetemeka kwa homa, meno yakigongana, wauguzi wakimfunika na kumfunua. Damu yake ikatolewa kabla ya kumeza, kwa mara ya kwanza tangu aruhusiwe kwenda nyumbani. Wakati wanamsubiri mtu wa maabara kengele ya simu ililia, na msusi akashika vidonge kiganjani kwa hofu ya mtu anayeona basi linamwacha. Majibu yalitoka: dawa ilikuwa kidogo mno, kama mfamasia alivyojua itakuwa. Dozi ikapandishwa. Mashambulizi yakapoa. Kipimo cha figo kikaanza kushuka, kikashuka, kisha kikasimama katikati ya njia, na siku zilizofuata hakikusogea tena.

"Imeshika," Profesa alisema kwenye raundi, safari hii akimwambia mgonjwa mwenyewe. "Utaondoka na figo yako. Lakini sehemu iliyokufa haifufuki. Ingeweza kukaa nawe miaka mingi sana. Itakaa michache kuliko hiyo."

Makoti yakahamia kitanda cha pili. Mama Saa akabaki.

"Kaka ataambiwa nini?" msusi aliuliza. Hakuuliza amepoteza miaka mingapi.

"Ataambiwa ukweli. Nitamwambia mimi."

Mwashi alikuwa kwenye benchi lake, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Mama Saa akaketi kando yake. Ndiyo mara ya kwanza kukaa tangu asubuhi, na miguu ilimuuma zaidi kwa kupumzishwa, akainyoosha mbele yake mpaka katikati ya korido. Akamweleza yote, bila maneno ya kitaalamu. Dawa, damu, mtu wa maabara, simu iliyoita. Kwamba figo imepona, na kwamba haikupona yote.

Mwashi alisikiliza kama alivyosikiliza somo la siku ile ya kufungasha, bila kukatiza.

"Kwa hiyo alikuwa anameza," alisema.

"Hakukosa hata siku moja. Mimi ndiye sikumfundisha yote."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Mwashi akautazama mlango wa wodi. Akakishika kidevu kwa kiganja kama mtu anayejipapasa ndevu. Mama Saa alisubiri. Alikuwa tayari kwa lolote, kupigiwa kelele, kuburutwa kwa wakubwa, kuulizwa swali ambalo hana jibu lake.

"Mimi nilimwambia asiniite kaka," mwashi alisema. "Mbele za watu."

Akasimama. Miguu ya mfamasia ilikuwa imemzibia njia.

"Wewe nitakulaumu baadaye," alimwambia. "Nipishe kwanza."

Mama Saa akakunja miguu, mwashi akapita, mlango ukafunga nyuma yake. Zamu yake ilikuwa imeshakwisha, na angeweza kwenda nyumbani kulala. Akabaki pale kwenye benchi, akamsubiri arudi amlaumu.